Uso Uliorudi Mwezi wa Ramadhani

Jumatatu, 22 Shaabani

Daktari Aol ametupa daftari la bluu, mimi na dada yangu Kulthum. Kila siku niandike humo uzito wake, joto lake, kama miguu imevimba, na kama amekunywa vidonge. Kazi imeniangukia mimi kwa sababu nimemaliza Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, na sina la kufanya mpaka matokeo yatoke. Daftari hili jingine nimelinunua mwenyewe, kwa yale ambayo daktari hajauliza.

Leo kliniki ilijaa. Tulikaa benchi moja na Bi Zahara, jirani yetu hapa Namuwongo, anayetibiwa ugonjwa wa viungo na kunywa vidonge vilevile vya Dada. Bi Zahara huongea na kila mtu, kwa Kiswahili chenye vineno vya hapa mtaani kama bambi, banange na kale. Mimi hata muuguzi aliponiuliza jina, Dada ndiye aliyejibu.

"Anaitwa Salha. Ulimi anao, ila ameuacha nyumbani."

Watu wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu.

Daktari Aol amekulia kambi ya jeshi, baba yake alikuwa sajini, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini na hakionei haya. Dada alipomuuliza kwa mara ya mia kwa nini uso wake umekuwa kama sahani, daktari alinigeukia mimi.

"Wewe ilisoma biolojia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kuja hapa. Mimi naonyesha wewe, wewe taeleza yeye nyumbani pole pole."

Akachora duara kubwa, na ndani yake duara dogo. Nimeinakili picha yake hapa ukurasa wa mwisho. Kila seli ina kitabu cha maagizo ndani ya kiini chake, ndizo jeni, lakini kitabu hakijisomi. Kuna protini ambazo kazi yake ni kuingia kwenye kiini na kufungua ukurasa huu na kufunga ule. Mojawapo inaitwa NF-kappa-B. Siku za kawaida inakaa nje ya kiini, imefungwa na protini nyingine kama mbuzi na kamba. Kukitokea hatari kamba inakatwa, nayo inakimbilia ndani kufungua kurasa za vita: joto, uvimbe, maumivu. Kati ya kurasa inazozifungua umo pia wa kutengeneza kamba mpya, kwa hiyo vita ikiisha inafungwa tena. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa lupasi, kama Dada, mwili wake umemdhania yeye mwenyewe kuwa ndiye adui. Hatari haiishi kutangazwa. Protini hiyo na wenzake hawatulii, na kurasa zinabaki wazi. Mwaka jana moto wao ulifika kwenye figo.

Kidonge chake, prednisoloni, kinaingia ndani ya seli, kinashikana na protini nyingine ya mwili, zinaingia pamoja kwenye kiini na kuzinyamazisha zile za vita. Ndiyo maana figo zimepoa. Lakini mkono huohuo unafungua kurasa nyingine ambazo hakuna aliyeziomba, zikiwemo za mafuta ya mashavuni.

"Sasa uso utarudi lini?" Dada akauliza. Mengine yote hakuyasikia.

"Uso tarudi. Dawa ni mimi napunguza, si wewe. Na Ramadhani hii hapana funga. Nasikia?"

"Nasikia," Dada akasema.

Jumatano, 24 Shaabani

Shangazi wawili wa Usama, mchumba wa Dada, walikuja kumwona bibi arusi. Usama ana duka la vyombo kule sokoni Kikuubo, mlango wa tatu kutoka duka la vitambaa la Baba. Nikaha itakuwa Ijumaa ya pili ya Shawwal. Walipelekewa picha ya Dada ya miaka miwili iliyopita, kabla ya ugonjwa.

Dada alileta chai. Shangazi mkubwa aliishika ile picha, akamtazama Dada, akaitazama picha tena.

"Huyu ni dada yake?"

"Ndiye mwenyewe," Mama akasema.

"Eh! Mmemlisha huyu. Mwachieni nafasi ya pilau ya harusi jamani."

Yule mdogo alikuwa mpole zaidi, na ndiye aliyeumiza zaidi. Alimvuta Mama pembeni, nami nikasikia: "Tuambieni tu ukweli. Kama ana mimba tuiwahishe nikaha."

Mama aliapa. Dada alisimama na sinia mkononi, akitabasamu kama anavyotabasamu wanafunzi wake wa chuo cha Kurani wakikosea aya. Walipoondoka alikosha vikombe vyote, hata visivyotumika.

Jumatatu, 29 Shaabani

Mvua tangu asubuhi. Amekunywa.

Jumanne, 1 Ramadhani

Dada amefunga. Mama alimkatalia, akamkumbusha maneno ya daktari.

"Mama, mgonjwa ni mtu anayelala kitandani. Mimi nafundisha watoto thelathini hapo barazani, tena wengine vichwa vigumu. Nitawaambia nini, kwamba mwalimu wao anakula mchana?"

Baba alisema mgonjwa amepewa ruhusa na Mungu mwenyewe, na si vizuri kurudisha zawadi. Dada akasema vidonge atakunywa wakati wa daku, na chakula atakula, kwa hiyo hakuna kitakachobadilika ila saa. Ikaonekana ni sawa. Hata mimi niliona ni sawa.

Baada ya kuswali nilirudi kulala. Nikamuuliza nikiwa nimejifunika shuka, "Umekunywa?" Akasema, "Nimekunywa." Nikaandika kwenye daftari la bluu.

Jumatano, 2 Ramadhani

Mvua. Amekunywa.

Alhamisi, 3 Ramadhani

Mvua. Maji yamejaa kule chini relini, watu wamebeba magodoro vichwani. Amekunywa.

Jumamosi, 5 Ramadhani

Matokeo yametoka. Biolojia nimepata A. Dada alipiga kelele mpaka Bi Zahara akaja na mwiko mkononi akidhani kuna mwizi.

"Atakuwa daktari!" Dada akasema.

"Daktari asiyeongea?" Bi Zahara akasema. "Mgonjwa atajuaje amepona, bambi?"

Jumatano, 9 Ramadhani

Uso wa Dada unarudi. Leo alipokuwa anasuka nywele nililiona taya lake, lile la zamani, lenye ncha kama la Baba. Nilifurahi mno, nikamletea kioo. Alijiangalia kwa muda mrefu.

Bi Zahara alipoleta sambusa za futari alimshika kidevu. "Banange, Kulthum! Saumu imekupenda wewe. Hii ni baraka ya mwezi."

Mama aligeuka jikoni akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nyumba nzima ilikuwa na furaha leo. Nimeandika: uzito umepungua kilo mbili, amekunywa.

Ijumaa, 11 Ramadhani

Dada amechoka sana, alifundisha akiwa ameegemea ukuta. Mama anasema saumu imemshika. Sote imetushika.

Jumapili, 13 Ramadhani

Leo sijui niandikeje.

Mama alinituma nikaangalie kama hina ya harusi haijapata unyevu kwa mvua hii. Nilifungua kopo sandukuni kwa Dada. Juu ya pakiti za hina kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na vidonge. Vingi. Vingine vimekatwa nusu kwa wembe, vizuri, kama anavyofanya kila kitu.

Nilikaa chini pale pale. Jambo la kwanza nililolifikiri ni taya lake. Mimi mwenye A ya biolojia nilimletea kioo! Sikujiuliza mafuta yameondokaje mashavuni wakati kidonge kiko palepale. Mkono ule ni mmoja. Ukiona umeacha kufungua ukurasa wa mashavu, basi umeacha pia kuufunga ule wa figo.

Dada aliingia, akaniona, akafunga mlango.

"Sikuacha ghafla," akasema. "Mimi si mjinga. Tangu wale mashangazi walipotoka nilianza kupunguza kidogo kidogo, kama daktari alivyosema."

"Alisema anapunguza yeye."

"Yeye haolewi."

"Dada, figo..."

"Salha, nisikilize. Wiki nne tu zimebaki. Niolewe na uso wangu, ule aliouumba Mungu, watu waniangalie wasiulizane. Jumamosi yake nitarudi kwa dawa. Nitakunywa mbele yako."

Nilikuwa nalia. Alinifuta kwa kiganja chake, kikiwa na joto lisilo la kawaida. Hilo nalo niliona.

"Niapie hutamwambia Mama. Wala Baba. Wala daktari."

Sikuwahi kumkatalia Dada kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Yeye ndiye aliyekuwa akinijibia dukani, kliniki, shuleni. Nikasema wallahi.

Jumatatu, 14 Ramadhani

Kwenye daftari la bluu nimeandika: amekunywa.

Jumanne, 15 Ramadhani

Amekunywa.

Jumatano, 16 Ramadhani

Amekunywa. Mvua.

Ijumaa, 18 Ramadhani

Imamu alihutubia juu ya viapo. Tuliketi nyuma ya pazia la wanawake, Dada kulia kwangu. Imamu alisema mtu akiapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, alifanye lile lililo bora na atoe kafara: alishe maskini kumi, asipoweza afunge siku tatu. Dada aliniwekea mkono juu ya goti. Hakuukandamiza, aliuweka tu.

Hilo nililijua tangu nina miaka tisa. Ni yeye aliyenifundisha. Siwezi kujidanganya kwamba nimebanwa na dini. Nimebanwa na kitu kingine: nikiusema huu ukweli, itabidi niuseme kwa sauti, Mama aniangalie, na Dada aniangalie.

Jumapili, 20 Ramadhani

Usama alileta mchele na tende kwa ajili ya kumi la mwisho la Ramadhani. Alisimama mlangoni, Dada akamsalimia kutoka ndani. Bi Zahara akamtania, "Ingia uone mali yako, imekuwa mpya!" Usama akaona haya, akasema anaharakisha kurudi Kikuubo.

Dada alicheka. Kisha akaenda bafuni akakaa sana. Nilipoingia baada yake niliona povu la mkojo, jeupe, zito, lisilotaka kwenda na maji. Mwaka jana ilianza hivyo hivyo.

Jumatatu, 21 Ramadhani

Nilimwambia Dada: kesho nasema.

Akasema: "Kumi la mwisho ndilo hili. Usiniharibie."

Sikusema.

Jumanne, 22 Ramadhani

Miguu yake imevimba. Amevaa soksi. Amekunywa, nimeandika. Mkono wangu umezoea, unaandika wenyewe.

Ijumaa, 25 Ramadhani

Naandika wodini, nimekaa chini karibu na dirisha.

Jana saa nne asubuhi watoto walikuwa wanasoma barazani kwa pamoja. Sauti ya Dada ikakatika, wao wakaendelea peke yao, wakafika mwisho wa sura, wakangoja. Kisha mmoja akaja jikoni kusema mwalimu amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani, na midomo imebadilika rangi. Baba alikuja na gari la rafiki yake. Mvua ilikuwa inanyesha mpaka barabara haikuonekana.

Daktari Aol aliitwa akaja mwenyewe. Alimpima, akamsikiliza kifua, akabonyeza mguu na kidole kikaacha shimo. Kisha akaomba daftari la bluu. Nilimpa. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Hapa nasema amekunywa. Na hapa. Na hapa, kila siku." Alimtazama Dada usoni, akanitazama mimi. "Kuja."

Tukatoka kwenye varanda. Mimi nilimfuata kama mtu anayekwenda kupigwa.

"Uso ile si ya mtu anakunywa prednisoloni. Mimi naona toka mlangoni. Aliacha siku ngapi?"

Nilitaka kusema. Nilionyesha vidole vyote kumi, nikavifunga, nikavifungua tena.

Alivuta pumzi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimwita muuguzi, wakamchoma Dada sindano nyingine mara moja, kisha akarudi kwangu.

"Figo imesimama, na maji imeingia kifuani. Sisi tunajaribu. Mama na Baba lazima wanajua hii kitu. Nasema mimi, ama nasema wewe?"

Nikanong'ona, "Mimi."

"Nasema leo?"

"Leo."

Mama yupo hapa, hatua mbili kutoka kwangu, anamsomea Dada Yasini. Hiyo "leo" ilikuwa jana. Sijasema.

Jumamosi, 26 Ramadhani

Wanamsafisha damu kwa mashine. Alifumbua macho mchana, akaniona.

"Nipe kioo," akasema.

Nilimwambia sina. Nilikuwa nacho, kwenye mkoba. Ni hilo tu nililomkatalia maishani.

Jumapili, 27 Ramadhani

Dada Kulthum amefariki saa saba na nusu mchana.

Jumatatu, 28 Ramadhani

Tuliomwosha ni Mama, Bi Zahara, mimi, na mwoshaji wa msikitini. Mwoshaji alikuwa anaelekeza kwa sauti ndogo: kulia kwanza, maji kidogo, mfunikeni. Mabegani na kifuani alikuwa na alama nyekundu, ambazo mwezi wote zilikuwa chini ya hijabu. Mama alizipitishia kitambaa kana kwamba ni uchafu utakaotoka.

Mwoshaji alisema, "Mwangalieni uso ulivyo. Umetulia, mzuri. Huyu ameitwa siku ya ishirini na saba, akiwa na saumu. Wengi wanaiomba siku hii hawaipati."

"Alhamdulillahi," Mama akasema.

Uso ulikuwa wake kweli. Taya, mashavu, vyote.

Jumatano, 1 Shawwal

Idi. Hakuna aliyepika. Usama alikuja kutoa mkono wa pole. Alikaa na Baba, kisha akaomba picha. Baba akamletea ile waliyopelekewa mashangazi. Usama akairudisha kwa mikono miwili.

"Si hii, Mzee. Huyu simjui vizuri. Kama mna ya mwaka huu, ile ya mashavu. Huyo ndiye niliyemposa."

Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Nililiweka sinia chini.

Alhamisi, 2 Shawwal

Leo ilikuwa hitima. Sebule ilijaa wanawake, wengine wamekaa mpaka ukumbini. Baada ya dua waliletewa chai, na maneno yakaanza, yaleyale ya siku zote nne: alivyofundisha watoto, alivyokufa akiwa na saumu, mwezi ulivyomrudishia uso. Mwanamke mmoja ambaye simjui alisema Kulthum alitupa dawa za wazungu akamtegemea Mungu. Sijui amelipata wapi. Watu wakaitikia subhanallah. Kilichonitisha ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

Ndipo Bi Zahara akanyoosha vidole vyake, vile vilivyopinda, akaviangalia.

"Kale, mimi nimemwiga mtoto wetu," akasema. "Nimeanza kufunga sita ya Shawwal leo, na vile vidonge nimeviweka kando. Miaka mitatu vinanivimbisha uso tu. Kama Kulthum aliweza, mimi mtu mzima nishindwe?"

"Mungu akutilie nguvu," wakasema.

Nilikuwa mlangoni na birika. Nilimwona anatabasamu. Alimbeba Dada mgongoni alipokuwa mtoto, na mimi pia.

"Usiache," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikaweka birika sakafuni.

"Bi Zahara, usiache!"

Safari hii wote waligeuka. Sikujua sauti yangu ina ukubwa huo.

"Dada hakuacha dawa kwa ajili ya saumu. Aliziacha kwa ajili ya uso. Alizificha kwenye kopo la hina. Mimi niliziona siku ya kumi na tatu. Aliniapisha nikaapa, na kila siku nikaandika kwamba amekunywa."

"Wee mtoto," yule mwanamke nisiyemjua akasema, "marehemu hasemwi hivyo. Na mbele ya mama yake!"

"Shika adabu yako," akasema mwingine.

Mama alikuwa amekaa chini ukutani, kikombe mkononi. Hakuniangalia. Alikiweka kikombe juu ya mkeka, polepole, akakigeuza mpaka sikio lake likatazama ukuta.

"Mwacheni," akasema. Kisha akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Niliwaambia kuna kitu ndani ya mwili kinachowasha moto wa kututetea, na kwamba kwa Dada na kwa Bi Zahara hakijui kuacha. Niliwaambia si jini na si adhabu, ni chetu wenyewe, na kidonge ndicho kinachokishika mkono. Uso ukivimba ni kwa sababu kidonge kinafanya kazi, na ukirudi kabla daktari hajasema, tusishangilie. Sisi tulishangilia. Mimi nilimletea kioo. Sijui nilisema mengine gani. Nilipomaliza, mvua ilikuwa inaanza kwenye mabati.

Bi Zahara alikuwa analia bila kujifuta. Mama aliinuka, akapita katikati ya watu, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Ijumaa, 3 Shawwal

Mama hajasema nami. Baba naye ameambiwa, amekaa dukani mpaka jioni. Nimefunga, siku ya kwanza ya kafara. Sijui kama inahesabiwa mtu anapovunja kiapo akiwa amechelewa.

Jumamosi, 4 Shawwal

Mama hajasema nami. Alikunja nguo za Dada, nami nikashika upande wa pili wa shuka. Tulikunja pamoja, hatukutazamana.

Jumapili, 5 Shawwal

Leo asubuhi nilikuwa nafagia baraza. Mama alikuja akasimama mlangoni. Hakuniita jina.

"Zahara anasema amerudi kwa dawa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nenda kamwone akimeza. Kwa macho yako."

Niliacha ufagio nikavuka uwanja. Bi Zahara alikuwa kwenye kigoda chake, mfuko wa dawa umefunguliwa mbele yake. Alimeza kimoja kimoja na maji, akikunja uso kwa uchungu wake, nami nimesimama. Alipomaliza akaniangalia, na bila kuambiwa alifungua mdomo, akainua ulimi.

Nikainama nikaangalia vizuri. Hapakuwa na kitu.